Gemu ipi uchukue? Hukumu za wahakiki zikipimwa kwa banda, PS4 na bando letu la Nyanda za Juu

Elden Ring na Baldur's Gate 3 zina alama sawa kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya hukumu za wahakiki na kuzitolea wastani kwa mia: 96 kwa 96. Ya kwanza ilitoka Februari 2022, ya pili Agosti 2023, na kila moja ilibeba tuzo ya gemu bora ya mwaka wake kwenye The Game Awards. Sasa mchukulie kijana wa Kihesa, Iringa, mwenye PS4 (mashine ya gemu ya PlayStation 4) aliyoinunua kwa mtu. Akiuliza achukue ipi kati ya hizo mbili, alama hazimwambii lolote. Elden Ring ina CD ya PS4. Baldur's Gate 3 haikutengenezwa kwa PS4 kabisa. Inataka PS5 au Xbox mpya, au kompyuta yenye nguvu na nafasi ya GB 150, mzigo ambao kwa bando la kawaida ni wa wiki nzima na fedha nyingi.

Mimi nawasoma wahakiki kila gemu kubwa inapotoka, na nawaheshimu. Mara nyingi wanaona sawa. Lakini mhakiki huwa anacheza peke yake, kwenye mashine mpya, intaneti haimkatikii, na gemu kapewa bure kabla haijaingia sokoni. Sisi tunacheza wawili wawili tukipokezana pedi, au watatu nyumba moja na mashine moja, au kwenye simu ndani ya basi kutoka Mbeya kwenda Njombe. Kwa hiyo ninapolinganisha gemu huwa naanza na maswali matatu: hukumu hii ilitolewa kwa mashine gani, kwa toleo gani, na intaneti ilikuwa ya lazima kiasi gani? Nikishajibu hayo ndipo alama zinaanza kuniambia kitu.

Mpira: FC 26, eFootball, na ile PES ya zamani

Mpira ndio unaolipa kodi ya banda la gemu, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Pita Mwanjelwa au Soweto, Mbeya, jioni ya Julai, baridi imekaza, vijana wamejazana bandani na majaketi yao. Televisheni nyingi utazikuta kwenye mpira.

EA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza gemu ya FIFA, iliachana na jina hilo mwaka 2023 na kuiita FC. FC 24 ikatoka Septemba mwaka huo, FC 25 Septemba 2024, na FC 26 Septemba 2025. Ukisoma hukumu za zote tatu, malalamiko yanarudi palepale: Ultimate Team inamkamua mchezaji, anatoa fedha kununua pakiti asizojua ndani yake kuna nani. FC 25 ilisifiwa kwa Rush, mchezo wa watano kwa watano kwenye kiwanja kidogo. FC 26 ilisifiwa zaidi kwa sababu uchezaji uligawanywa sehemu mbili: Competitive, wa kasi, kwa wanaoshindana mtandaoni, na Authentic, wa taratibu, unaofuata mwendo wa mpira halisi, kwa wanaocheza maisha ya kocha.

Lete hukumu hizo bandani uone zinavyobadilika. Bandani watu wanacheza mechi ya pedi mbili, anayefungwa anampisha aliye kwenye foleni. Hakuna anayefungua pakiti. Kosa kubwa kuliko yote ambalo wahakiki wanalishtaki FC halimgusi mteja wa Mwanjelwa hata kidogo. Kinachomgusa ni kikosi. Mchezaji amehama klabu mwezi wa nane, wewe bado unamwonyesha kwenye jezi ya zamani. Mteja anavuka barabara kwenda banda la jirani. Ndiyo maana mwenye banda nashauri anunue toleo jipya kila mwaka bila kujiuliza mara mbili, na mtu wa nyumbani anayecheza na mdogo wake achukue la mwaka jana lililotumika. Tofauti ya uwanjani kati ya FC 25 na FC 26 ipo. Tofauti ya bei ni kubwa zaidi.

Mwenye PS4 ajue pia kwamba FC 26 anaipata, lakini teknolojia ya HyperMotionV, ile inayotumia miondoko iliyochukuliwa kwenye mechi halisi, ni ya mashine mpya. Sifa za kukimbia na kugeuka anazozisoma zimeandikwa na mtu aliyekuwa mbele ya PS5.

eFootball ina historia nyingine. Konami waliizindua Septemba 30, 2021 kama mrithi wa PES, gemu yao ya mpira ya zamani, bure kabisa, na ikapokewa vibaya mno. Nyuso za wachezaji zilikuwa za kutisha, watu wa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, waliishusha hadi ikawa miongoni mwa gemu zenye hukumu mbaya kuliko zote pale, na Konami wakaomba radhi hadharani. Toleo la 1.0 likaja Aprili 2022 na tangu hapo imekuwa ikirekebishwa msimu kwa msimu. Ukiisaka leo, hukumu za siku ile bado zinajitokeza mbele. Usizifuate. Kwa macho yangu, eFootball ya sasa inapasia vizuri, uzito wa mwili wa mchezaji unauhisi kwenye pedi, na kwenye simu hakuna mpira unaoikaribia. Tatizo lake halimo uwanjani: inahitaji intaneti muda wote, na Master League, ile ya kuongoza klabu msimu kwa msimu iliyotufanya tukeshe na PES, haimo. Kwa hiyo eFootball ni ya mtu wa simu mwenye bando la uhakika. Kwa banda haifai.

Kati ya hizo mbili kuna kundi ambalo wahakiki hawalioni kabisa: wanachuo wa Mkwawa, Iringa, na wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, wenye laptop za kawaida. Hao wachukue PES 2021, ya mwisho kabla ya eFootball. Master League ipo, haidai intaneti, na vijana wanaendelea kuibandikia vikosi vipya. Kwenye PES hizi, na zile za PPSSPP (programu inayochezesha gemu za PSP, PlayStation ya mkononi) kwenye simu, ndiko utakakokutana na jezi za Simba na Yanga zilizowekwa na mikono ya wapenzi wenyewe, maana FC haina ligi yetu.

Neno moja kwa wenye PS3, ambazo bado ni nyingi Makambako na Mafinga. Gemu ya mwisho ya FIFA kutengenezwa kwa PS3 ni FIFA 19. Ukionyeshwa CD ya PS3 iliyoandikwa FC 25 au FC 26, ujue ni gemu ya zamani iliyobadilishwa jezi na majina. Inaweza kukupa raha, lakini hukumu ya FC 26 haiihusu, na bei ya FC 26 usiilipe.

Ngumi: Street Fighter 6 au Tekken 8

Hapa wahakiki walizipa zote mbili alama za juu sana: Street Fighter 6 ya Juni 2023 ilipata 92, Tekken 8 ya Januari 2024 ikapata 90. Mioyo yetu iko Tekken. Aliyekulia kwenye mabanda ya PS1 anamjua Eddy wa Tekken 3 na yale mateke yake ya chini ambayo hata mtoto asiyejua pedi alikuwa anashinda nayo.

Huyo Eddy, kwenye Tekken 8, hakuwemo siku ya kwanza. Aliletwa Aprili 2024 kama mchezaji wa kununuliwa peke yake. Na wiki chache baada ya wahakiki kutoa alama zao, duka la ndani ya gemu likafunguliwa, la kuuza mavazi kwa fedha halisi, ambalo halikuwepo walipokuwa wanaandika. Wachezaji walikasirika. Aprili 2025 yakaja mabadiliko ya msimu wa pili yaliyompa anayeshambulia faida kubwa kuliko anayejilinda, na hukumu za wachezaji kwenye Steam zikaporomoka vibaya. Ile 90 bado imekaa palepale, kwa sababu wahakiki wengi hawarudi kuhukumu upya.

Street Fighter 6 nayo inauza mavazi na wachezaji wa ziada, sitaki kuificha. Ila imebaki imetulia. Kitu ambacho wahakiki walikigusa harakaharaka, na kwa banda ni dhahabu, ni mtindo wa vidhibiti unaoitwa Modern: pigo maalumu linatoka kwa kitufe kimoja na mwelekeo, bila kuzungusha kidole gumba nusu duara. Mgeni aliyekuja kumsindikiza rafiki yake anashika pedi, dakika tano tu anapigana. Tekken 8 ina mtindo wake wa kurahisisha pia, lakini naona wa Street Fighter unamfundisha mtu, ule wa Tekken unamchezea.

Na Street Fighter 6 ipo kwenye PS4. Tekken 8 haipo. Kwa mabanda mengi ya Mbeya mjadala unaishia hapo. Mwenye PS5, na wateja wake ni watu wazima wanaoijua Tekken tangu utoto, achukue Tekken 8. Wanawake na wanaume wa rika langu hawatakuja kulipia kitu kingine.

Safari ndefu: Elden Ring au God of War Ragnarök

96 na 94, zote 2022, zote zinaingia PS4. Kwenye karatasi ni ndugu.

Elden Ring haina ngazi za ugumu. Unatoka kwenye mlango wa kwanza, mbele yako kuna askari wa dhahabu juu ya farasi, na atakuua. Utarudi, atakuua tena. Ukifungua menyu kupokea simu ya mama, maadui hawakungoji. Wahakiki wanaipenda kwa sababu hiyo, na mimi pia naipenda: nchi yake kubwa, hakuna anayekushika mkono, kila pango ulilolikuta umelikuta mwenyewe. Lakini inadai saa 60 hivi kwa hadithi kuu tu, na inadai mashine iwe yako.

Ragnarök ina ngazi tano za ugumu, inasimama unapotaka isimame, na hadithi ya Kratos na mwanawe Atreus inaisha kwa saa 25 hivi. Nyumba yenye watoto watatu na PS4 moja, ambapo kaka anacheza na wadogo wanatazama kama filamu, hii inashinda, na 96 ya mwenzake haibadilishi kitu. Zote mbili hazilazimishi intaneti, na zote zinajihifadhi zenyewe mara kwa mara, kwa hiyo umeme ukikatika Tukuyu mvua ikiwa imeshika, hupotezi usiku wote.

Kwa banda la kulipia kwa saa, Elden Ring iache. Nimeona watu wakimaliza fedha yao kwenye yule askari wa farasi na wasirudi.

Tahadhari kuhusu CD zilizotumika

Cyberpunk 2077 ndiyo mfano ninaowapa wote. Ilitoka Desemba 10, 2020. Wahakiki walipewa toleo la kompyuta kwanza, wakaipa wastani wa 86. Ilipofika kwenye PS4 ilikuwa inakwama, inazima, watu wanaelea hewani. Wastani wa PS4 ukawa 57, na baada ya wiki moja Sony waliiondoa kwenye duka lao hadi Juni mwaka uliofuata. Miaka ikapita, Septemba 2023 likaja toleo la 2.0 na nyongeza ya Phantom Liberty, na leo kila mtu anaisifu. Sifa hizo ni za PS5, Xbox mpya na kompyuta. PS4 haikupewa 2.0. Na CD ya PS4 ya mwaka 2020 ukiiweka bila kupakua marekebisho, unacheza kilekile kilichoondolewa dukani. Muuzaji akikuambia "hii ilitengenezwa, siku hizi iko poa", muulize imetengenezwa kwenye mashine ipi.

Kenzera na Uajemi

Gemu mbili za 2024 zinafanana kwa umbo: unatazama kwa ubavu, unaruka, unapata uwezo mpya unaokufungulia njia uliyoipita mwanzo. Prince of Persia: The Lost Crown, ya Januari, ilipata 86. Tales of Kenzera: Zau, ya Aprili, ilibaki kwenye sabini na kitu.

Nianze na haki ya wahakiki. The Lost Crown ni gemu bora kiufundi. Mapigano yake yana kina, mitego inafikirisha, na kuna ubunifu mdogo wa ajabu: ukikutana na mlango usioufungua, unapiga picha ya mahali hapo na picha inakaa kwenye ramani, hivyo baadaye huhangaiki kukumbuka. Waliutaja wote, na walistahili kuutaja. Inaingia PS4, na tangu 2025 ipo hata kwenye simu. Kenzera mapigano yake yanaanza kujirudia, adui ni walewale, na ni fupi.

Lakini Kenzera imetengenezwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliyempoteza baba yake na kuamua kuugeuza msiba wake kuwa gemu. Zau ni mganga kijana. Baba yake amekufa, anakwenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, kufanya naye mapatano: nitakuletea roho tatu kubwa, unirudishie Baba. Anavaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi. Na unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili.

Kwenye hukumu nilizozisoma, Kiswahili kilitajwa kama jambo la kupendeza, halafu wakaendelea na mapigano. Siwalaumu, hawakisikii. Kwetu sisi uzito wake ni mwingine kabisa. Nimetazama mzee wa watu, asiyegusa pedi maishani, akisogeza kiti baada ya kusikia kijana kwenye televisheni akimlilia baba yake kwa lugha anayoielewa, na akabaki hapo kufuatilia hadithi. Hakuna gemu ya 96 iliyowahi kumfanya hivyo. Mila nyingi za Kibantu zinazotajwa humo, za mababu wanaosikiliza na wafu wasioachwa hivihivi, hazihitaji maelezo ukiwa umekulia Rungwe au Makete.

Ukitaka gemu ya kucheza wiki tatu na kuusukuma uwezo wako, The Lost Crown. Ukitaka gemu ya kukaa nayo nyumbani, watu wakaiangalia pamoja na kuizungumzia, Kenzera, na alama yake isikurudishe nyuma. Bei yake wakati wa kutoka ilikuwa dola 20, chini ya nusu ya ile nyingine. Kizuizi kimoja kikubwa: haipo PS4. Ni PS5, Xbox mpya, Switch na kompyuta.

Simu na laptop: Balatro au Silksong

Balatro, ya Februari 2024, ilitengenezwa na mtu mmoja wa Canada anayejiita LocalThunk, ikapata 90. Haifiki hata GB moja, haitaki intaneti, na kwenye simu ilitoka kwa dola 10 bila matangazo. Unacheza mikono ya karata za poka na kuipindisha kwa kadi za Joker zinazozidisha pointi. Hakuna fedha inayowekwa rehani. Nasema hivyo kwa sababu mzazi mlokole wa Uyole akiona karata kwenye simu ya mwanawe atadhani ni kamari. Hata bodi ya Ulaya inayopanga umri, PEGI, iliiweka 18 kisha baada ya rufaa ikaishusha hadi 12.

Hollow Knight: Silksong ilitoka Septemba 4, 2025, baada ya kusubiriwa tangu 2019, na wanunuzi walikuwa wengi kiasi cha kukwamisha maduka ya mtandaoni saa hiyo. Ni nzuri, ni ngumu sana, na haihitaji kompyuta ya gharama. Chukua hiyo ikiwa una pedi na subira. Wengine wote, Balatro.

Za mtandaoni tupu

Concord ilitoka Agosti 23, 2024, ikafungwa Septemba 6. Wanunuzi walirudishiwa fedha, lakini CD zake sasa hazichezi kitu, usiuziwe. Helldivers 2, ya Februari 2024, ni nzuri kwelikweli, wahakiki walikuwa sahihi. Mei ya mwaka huohuo Sony, wanaoitoa, wakataka kila mchezaji wa kompyuta awe na akaunti ya PSN, mtandao wao wa PlayStation, na gemu ikaondolewa Steam kwenye nchi zaidi ya 170 ambazo PSN haizihudumii, yetu ikiwemo. Wachezaji wakapiga kelele hadi sharti likafutwa baada ya siku chache. Mwenye intaneti ya nyumbani na marafiki watatu aicheze. Anayetegemea bando, fedha yake aipeleke kwingine.

Ukiwa na PS5

Astro Bot (94, gemu bora ya 2024) na Clair Obscur: Expedition 33 (gemu bora ya 2025, kazi ya studio ndogo ya Montpellier, Ufaransa) hazigombani. Astro Bot anaielewa mtoto wa miaka sita bila kusoma neno, na mtu mzima anaimaliza akiwa anatabasamu. Expedition 33 ina maneno mengi, huzuni nyingi, na mapigano ya zamu yanayotaka ubonyeze kitufe sekunde ileile adui anapopiga. Nyumba yenye watoto inunue Astro Bot kwanza. Anayeishi peke yake na Kiingereza hakimsumbui aanze na Expedition 33.